Lifti Ndogo za Ugenini

Leo nataka tuzungumze juu ya hofu ambayo wengi wanayo na wachache wanaitaja: hofu ya kukwama ndani ya lifti ukiwa safarini. Sisemi lifti kubwa za viwanja vya ndege, zile za vioo, unazoingia na toroli lako pamoja na watu wengine kumi na bado nafasi ipo. Nasema zile ndogo, za hoteli ya bei nafuu katika mji wa kale, ambazo wakiingia watu wawili na mabegi yao, mmoja lazima avute tumbo ndipo mlango ufungwe.

Wapo watu ambao kabla ya kulipia chumba huuliza kwanza kiko ghorofa ya ngapi. Wapo wanaopanda ngazi hadi ghorofa ya sita na begi mkononi, wakifika juu wanasema walikuwa wanafanya mazoezi. Na wapo walioahirisha safari kabisa, safari ya matibabu au ya kumwona mtoto aliyehamia nje, wakatoa sababu nyingine. Hao ndio ninaowasemea jioni hii, na ninawasemea kwa dhati, kwa sababu siku wanapojipa moyo wakaitaja hofu yao, mara nyingi wanachopata ni kicheko.

Tuanze na kule lifti hizi zinakotoka. Ukienda Paris utaona majumba ya mawe ya ghorofa sita au saba yamepangana barabara nzima kwa kimo kimoja. Mengi yalijengwa karne ya 19, wakati Baron Haussmann alipoubomoa na kuujenga upya mji ule kwa agizo la Napoleon III. Waliochora majumba yale hawakuiwazia lifti. Wenye fedha walikaa ghorofa za chini, watumishi wakalala vyumba vya darini na kupanda ngazi zote hizo asubuhi na jioni. Lifti ilipofika, katika majumba mengi palibaki mahali pamoja tu pa kuiweka, nao ni ule uwazi wa katikati ambao ngazi inauzunguka. Uwazi ni mwembamba, na lifti nayo ikawa nyembamba. Rome ni hivyo hivyo, Barcelona ni hivyo hivyo, na kila mji ambao nyumba zilitangulia na lifti ikafuata.

Mlango wa nje unauvuta mwenyewe kwa mkono, mzito, una kidirisha kirefu cha kioo. Ndani kuna vibao viwili vya mbao vinavyojikunja vikikupisha. Ukutani pamebandikwa kibati kinachosema: watu 3, kilo 225. Hesabu yake ni rahisi, kila mtu amekadiriwa kilo 75. Na kanuni za Ulaya zinasema lifti ya mzigo huo sakafu yake isizidi mita ya mraba 0.70, ili watu wasijazane kupita uwezo wake. Hiyo ni pungufu kidogo ya mswala wa kawaida. Sasa chukua mume na mke wanaotoka Dar es Salaam, kila mmoja kilo 80, na kila mmoja na mabegi mawili ya kilo 23 kama shirika la ndege lilivyowaruhusu. Jumla ni kilo 252. Wameshazidisha kabla mtoto hajaingia.

Kuna jambo ambalo wenyeji wanalijua na mgeni halijui. Lifti ya namna hii haiondoki mpaka milango ya ghorofa zote iwe imefungwa barabara. Mtu wa ghorofa ya nne akiuachia mlango bila kuusukuma hadi ulie, wewe wa chini utabonyeza kitufe mpaka kidole kiume. Tena ukiwa ndani, katikati ya safari, begi lako likiuegemea mlango wa ndani ukaachana hata kidogo, umeme wa kuendeshea unakatika na lifti inasimama palepale. Mgeni anahisi dunia imemwishia. Mara nyingi dawa yake ni kusogeza begi, kuusukuma mlango ule ufunge sawasawa, kisha kubonyeza tena namba ya ghorofa. Mafundi wa lifti wanajua kwamba kesi nyingi wanazoitiwa huanzia mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kupiga kelele, tazama mlango.

Sasa tuje kwenye kinachoogopwa. Mwulize mtu asiyependa lifti anaogopa nini, atakwambia kamba itakatika. Ni hofu ya zamani, na jibu lake nalo ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, katika maonyesho makubwa ya New York, fundi mmoja Mmarekani aitwaye Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la kupandishia mizigo, akapandishwa juu mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likanaswa na meno ya chuma yaliyokuwa pembeni. Mwaka 1857 lifti ya abiria yenye kinga yake ikawekwa katika duka la ghorofa tano pale Broadway. Kabla ya hapo kamba zilikuwa zinakatika na watu wanakufa, ndiyo maana lifti nyingi zilibebeshwa mizigo tu.

Za leo hazining'inii kwenye kamba moja. Zina kamba kadhaa za chuma, na kila moja imetengenezwa iwe na nguvu nyingi kuliko mzigo inaopewa. Juu kuna gurudumu linalopima kasi, na lifti ikianza kushuka mbio kupita kiwango, gurudumu hilo linavuta makucha yaliyo chini ya chumba cha lifti, nayo yanazibana reli za pembeni. Kuna breki pia, na hii ningependa uielewe vizuri, kwa sababu ndiyo inayoleta kile unachokiogopa. Breki ya lifti hufungwa na springi na kufunguliwa na umeme. Umeme ukiwepo, breki inaachia na lifti inatembea. Umeme ukikatika, springi inarudi na breki inakamata. Maana yake ni kwamba lifti iliyosimama ghafla gizani imefanya kazi yake kama ilivyokusudiwa. Wewe unaona umeachwa, kumbe umeshikwa.

Tena kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Upande wa pili wa zile kamba kuna chuma kizito kinachosawazisha, na uzito wake ni sawa na lifti yenyewe pamoja na karibu nusu ya mzigo wake kamili. Ukiwa peke yako ndani, chuma kile ni kizito kuliko lifti na wewe mkijumlishwa. Fundi akiiachia breki kwa mkono ili akutoe, utaona unapanda. Kudondoka kama jiwe, jinsi tunavyoona kwenye sinema, ni jambo gumu sana kutokea.

Limewahi kutokea, sitalificha. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kijeshi aina ya B-25 iliyopotea katika ukungu iligonga jengo la Empire State, New York. Mwendesha lifti aliyeitwa Betty Lou Oliver alijeruhiwa, na waokoaji walipomshusha kwa lifti nyingine, kamba ambazo zilikuwa zimeharibiwa na ajali ile zikakatika. Alianguka ghorofa 75, akapona. Ilihitajika ndege ya kivita kuitenganisha lifti ile na kamba zake, na hata hivyo mwanamke yule aliishi kusimulia.

Hofu ya pili ni hewa. Mtu anaona kijichumba cha chuma, mlango umefungwa, watu watatu wanavuta pumzi, anaanza kuhesabu dakika. Chumba cha lifti hakizibwi kama chupa. Kanuni zinataka kiwe na matundu ya hewa juu na chini, na zile za Paris zenye vyuma vya wavu hewa inapita kama barazani. Utatoka jasho, ndiyo. Hewa haitakuishia.

Lakini mwambie hayo mtu ambaye moyo unamwenda mbio ndani ya lifti uone kama yatamsaidia. Mwanasaikolojia Stanley Rachman, aliyechunguza kwa miaka mingi hofu ya mahali palipobana, alieleza pamoja na wenzake kwamba ndani yake kuna hofu mbili zilizofungamana, ya kukosa pumzi na ya kuzuiwa kutoka. Na hofu ikishika, mwili wenyewe unaisaidia. Unapumua haraka haraka, kifuani juu, unatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyopasa. Matokeo yake ni kizunguzungu, vidole kufa ganzi, midomo kuwasha, na zaidi ya yote kuhisi kwamba hewa haitoshi. Hewa ipo tele, ila wewe umeivuta kwa pupa. Mtu akikwambia "vuta pumzi ndefu", usimsikilize. Kinachosaidia ni kutoa pumzi taratibu, polepole kuliko ulivyoivuta, kama unayepoza chai ya moto, mpaka kifua kilegee. Kaa chini sakafuni ukiweza.

Mimi nimefikiri sana juu ya jambo hili, na ninaamini chini ya hofu ya kamba na hofu ya hewa kuna nyingine ambayo ina haki kabisa ya kuwepo. Ni hofu ya kutosikika. Nyumbani ukikwama unapiga kelele, "Jamani, tumekwama!", na mlinzi, muuza vocha au jirani wa ghorofa ya pili atasikia na atakuja. Ugenini unapiga kelele kwa lugha gani? Jengo hili liko mtaa gani? Nani anajua kwamba umefika? Ukienda peke yako, na umeingia hotelini saa tano usiku, na pale mapokezi hakuna mtu bali kisanduku cha ufunguo chenye namba za siri, basi kwa saa kadhaa hakuna mtu duniani anayejua uko wapi.

Mfano wake mkubwa ni wa Nicholas White. Mwaka 1999, Ijumaa usiku, alikuwa kazini katika jengo refu la Manhattan, mji wake mwenyewe na lugha yake mwenyewe. Alishuka kuvuta sigara, akapanda lifti kurudi ofisini, lifti ikasimama. Alibonyeza kengele. Alipofanikiwa kuiachanisha milango kwa mikono aliona ukuta mtupu ulioandikwa namba 13. Alikaa mle saa 41. Ndani ya lifti kulikuwa na kamera, picha yake ilikuwa inaonekana muda wote kwenye chumba cha walinzi: mtu anatembea, analala, anasimama, anakaa. Walinzi walipokezana zamu na hakuna aliyemtazama. Kamba hazikukatika na hewa haikuisha. Kilichomuumiza mtu yule, na maisha yake hayakurudi kuwa yalivyokuwa, ni kwamba aliita na hakusikika.

Na tazama yaliyotokea Hispania na Ureno tarehe 28 Aprili 2025. Saa sita na nusu mchana kwa saa za Hispania, umeme ulikatika karibu nchi zote mbili kwa mpigo mmoja, ukakosekana kwa saa nyingi. Hispania ni miongoni mwa nchi zenye lifti nyingi sana duniani ukilinganisha na idadi ya watu, kwa sababu watu wengi mno wanaishi kwenye maghorofa. Zimamoto wa Madrid waliitwa mamia ya mara kutoa watu waliokwama. Mitandao ya simu nayo ilikuwa inayumba. Mtu aliyekuwa ndani ya lifti mchana ule, kilichomfaa zaidi ni jirani aliyekuwa anapanda ngazi akasikia mlango unagongwa.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, hutajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti ya umeme, kwa hiyo chombo hiki si kigeni kwetu. Ila umeme wetu tunaujua. Agosti 25, 2023, Kenya karibu nzima ililala gizani. Kariakoo ya Dar es Salaam na River Road ya Nairobi umeme ukikatika, msafiri aliyeko ndani ya lifti anasubiri jenereta. Jenereta ikiwaka yenyewe, ni suala la muda mfupi. Lakini kuna nyumba za wageni ambazo jenereta yake imeunganishwa na taa za korido na friji ya mgahawa, lifti imeachwa. Kuna nyingine dizeli iko, aliyeshika ufunguo wa chumba cha jenereta ameenda kula. Na kengele ya lifti, ukiibonyeza, inalia pale pale juu ya lifti, kwenye kiota cha njiwa, basi.

Hili linanikera. Mwenye jengo ametumia mamilioni kununua lifti, kisha anashindwa kubandika ndani yake namba moja ya simu inayopokelewa. Ulaya wameliwekea sheria. Lifti mpya zilizofungwa huko tangu katikati ya mwaka 1999 zinatakiwa ziwe na njia ya kuzungumza moja kwa moja na watu wa uokoaji, saa zote. Ufaransa, baada ya ajali kadhaa, ilitunga sheria mwaka 2003 kuwalazimisha wenye majengo kuzirekebisha hata zile za zamani, zipate milango ya ndani na mawasiliano. Ndani ya lifti nyingi za huko utaona alama mbili karibu na kitufe cha kengele. Ya manjano ikiwaka, wito wako umetoka. Ya kijani ikiwaka, umesikika. Aliyebuni taa ile ya kijani, ambayo humfikia hata kiziwi, alimwelewa binadamu.

Kitufe chenyewe ni kile chenye picha ya kengele, mara nyingi cha manjano. Usikiguse na kukiachia. Kishikilie kwa sekunde kadhaa, maana nyingi zimewekwa hivyo ili mtoto asicheze nacho. Simu italia, itajibiwa kwa Kifaransa au Kitaliano. Usihofu, kwa kawaida anayepokea anaona kwenye kompyuta yake lifti inayompigia ni ipi. Hata ukisema jina lako tu na idadi ya watu mliomo, anajua ni jengo gani. Isipojibiwa, na simu yako ina mtandao, namba ya dharura kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, na hupigwa bure. Hapo ndipo utahitaji anwani. Iandike kwenye karatasi kabla hujatoka uwanja wa ndege, mtaa, namba ya jengo na ghorofa, uiweke mfukoni. Kwenye simu peke yake haitoshi, chaji huisha. Tanzania, zimamoto ni 114.

Sasa wazee wetu. Kila mwaka mahujaji wa Kitanzania na wa Kenya wanashukia hoteli za ghorofa nyingi kule Makka, na kati yao wapo bibi na babu ambao hawajawahi kukanyaga lifti. Dakika chache kabla ya adhana watu wanashuka kwa mpigo, lifti zinajaa, foleni inazunguka korido, mzee anasukumwa ndani akiwa amebanwa pande nne, hajui afanye nini. Viongozi wa misafara, nawaomba, wapangieni wazee ghorofa za chini hata kama vyumba vya juu vina mandhari ya Msikiti Mtukufu. Na siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, mwende nao kwenye lifti wakati haina watu, wapande na kushuka, wabonyeze vitufe kwa vidole vyao wenyewe.

India nako wengi wetu tunakwenda kwa matibabu. Nyumba za wageni zilizozunguka hospitali za Chennai, Hyderabad na New Delhi zina lifti za kila aina, na bado zipo zile za geti la chuma linalokunjwa kwa mkono. Nilikuwa nimeketi mapokezi ya nyumba kama hiyo huko Chennai, akaingia mama mmoja wa makamo ya juu, mguu umefungwa bandeji, pamoja na kijana wake. Nilisikia Kiswahili cha Tanga.

"Shangazi, twende, ni dakika moja tu."

"Mwanangu, hilo sanduku siingii. Wewe tangulia, mimi nitakukuta."

"Chumba kiko ghorofa ya tano, shangazi. Na mguu huo?"

"Mguu ni wangu."

Kijana alianza kucheka, kisha akakasirika, akatazama saa. Hiyo "dakika moja tu" ni jibu baya, msikilizaji. Anayeogopa haogopi dakika moja, anaogopa ile dakika itakayogeuka kuwa saa. Dada mmoja aliyekuwa anasubiri dawa, Mmombasa kwa lafudhi yake, akainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi pia siipendi hiyo. Njoo tusimame ndani kwanza, geti wazi. Haitakwenda geti likiwa wazi. Ukisema tutoke, tutatoka."

Wakaingia. Geti likabaki wazi. Mama akashika vyuma, akavitikisa, akatazama juu kwenye feni, akauliza feni ile ikizimika je, akaambiwa hewa inapita hapo hapo getini. Wakatoka. Wakaingia tena. Baada ya muda mama mwenyewe akasema, "Haya, ghorofa moja tu." Wakapanda ghorofa moja, wakatoka kwenye lifti, wakakaa kwenye benchi la korido. Sijui zile nyingine nne walizimaliza vipi siku ile. Kesho yake nilimwona mama yule anatoka kwenye lifti na kijana wake, uso umekaza, lakini anatoka.

Alilofanya dada yule ndilo wanalofanya wataalamu wa hofu: kumsogeza mtu kwenye anachokiogopa hatua kwa hatua, kila hatua kwa ridhaa yake, na kukaa pale mpaka moyo utulie wenyewe. Kumkwepesha mtu lifti maisha yake yote huikuza hofu. Kumsukuma ndani kwa nguvu huikuza zaidi. Na kama huna muda wa hatua kwa hatua, basi mpandishe ngazi taratibu, mkipumzika kila ghorofa, bila neno la kejeli. Kupanda ngazi si aibu.

Kuna hatari moja ya kweli, na ningeomba mwenye redio aongeze sauti hapa. Lifti ikisimama katikati ya ghorofa mbili, na mlango ukafunguka au mkaufungua, mkaona sakafu ya ghorofa iko chini yenu, au iko kiunoni au kifuani, msijaribu kuruka kutoka. Watu hufa hapo. Ukishuka kwa kujirusha, chini ya chumba cha lifti hubaki uwazi unaoelekea shimoni, mguu ukiteleza unaingia humo. Ukipanda kwa kujivuta, umeme unaweza kurudi ukiwa nusu ndani na nusu nje. Vijana wa jengo wakija na bisibisi na moyo mzuri wakasema, "Pitisha mkono tukuvute", kataa kwa adabu. Waambie wamwite fundi, au zimamoto. Fundi atazima umeme wa lifti kwanza, ataiachia breki kidogo kidogo mpaka sakafu zilingane, ndipo atafungua mlango kwa ule ufunguo wa pembetatu. Ndani ya lifti iliyosimama, mahali salama kuliko pote ni hapo ulipo.

Kwa hiyo ukifika ugenini, kabla begi halijainuliwa, muulize aliyeko mapokezi mambo mawili. Kengele ya lifti hii inalia wapi? Na ufunguo wake anao nani usiku? Uliza bila haya, jinsi unavyouliza maji ya moto yanatoka saa ngapi. Hoteli inayojali itakujibu papo hapo, pengine na kukupa kadi yenye namba ya simu. Kama hakuna mtu mapokezi, mtumie ndugu ujumbe ukiwa mlangoni: nimefika, naingia lifti, nisipokupigia baada ya robo saa, piga namba hii ya hoteli. Ndugu atakuwa macho, ndiyo kazi ya ndugu. Na kama aliyeko mapokezi amekutazama tu, hajui kengele inalia wapi, mrudishie ufunguo wa ghorofa ya sita umwombe chumba cha ghorofa ya kwanza.